Kabla ya kuzungushia matuta tofali, tazama maji yanakopita

Masika ikishika Dar es Salaam, nyua nyingi za mabondeni hubaki na kidimbwi katikati ya ukoka. Watoto wanakosa pa kuchezea, na maji yakituama wiki moja au mbili, mayai ya mbu yanakuwa mbu kamili.

Mara nyingi kidimbwi hicho kimetengenezwa. Mtu anainua matuta ya mboga, anayazungushia tofali, kisha anaziba kila upenyo kwa saruji ili yapendeze. Ukingo ukikatiza njia ya maji, hilo tayari ni bwawa.

Kwa hiyo, mzazi, mvua ikinyesha chukua mwamvuli utoke nje uone maji yanaelekea wapi. Matuta yafuate njia hiyo, yasiikingame. Safu ya chini ya tofali iachiwe nafasi bila saruji, upana wa kidole unatosha, kila baada ya mita moja hivi. Kimo cha sentimita 20 hadi 30 kinatosha mchicha. Mbao ni rahisi lakini mchwa nao wanazipenda, na zile zinazopakwa oili chafu ya gari kuwazuia hazifai kabisa karibu na mboga ya watoto.

Sasa ukoka. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji. Yakiwa bado yamo kesho yake, udongo umeshindiliwa au ni mfinyanzi. Subiri ukauke kiasi, toboa matundu ya sentimita 10 kwa uma wa bustani, kisha tandaza mboji iliyoiva. Kumwaga mchanga kidogo juu, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii.

Pakishindikana, chimba mfereji unaoshuka angalau sentimita moja kila mita, uujaze kokoto. Usiuache wazi: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Na usiuelekeze kwa jirani.

Lakini kama ukoka unalowa hata kiangazi, panatoa harufu na shimo la choo liko karibu, acha kabisa habari ya bustani. Wazuie watoto wasikanyage hapo, usichume mboga za upande huo, na umwite fundi alikague shimo.