Al-Jazari na Mashine Zenye Kujiendea

Katika mabaraza yetu hapa pwani hakosi mtu wa kusema kwamba roboti si jambo geni, Waislamu walizitengeneza zamani kabla ya Wazungu. Neno hili lina ukweli, bali limezidishwa chumvi, nami naona lataka kupambanuliwa.

Ukweli wake ni huu. Katika mji wa Diyarbakir, ulioko Uturuki ya sasa, alikuwako fundi mmoja, Ismail bin Razzaz al-Jazari. Mwaka 1206 alimaliza kitabu cha Kiarabu kielezacho vyombo 50, pamoja na michoro na vipimo. Mfalme Salih, aliyemtumikia, hakupenda kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi wala kijakazi. Basi fundi akamfanyia sanamu yenye kushika birika: maji humiminika yenyewe, kisha mkono wa pili huteremka na kumpa mfalme taulo, kioo na kitana.

Tena kuna mashua ya wapigaji wanne, ya kuelea penye karamu. Maji hugeuza gurudumu, na mti wa gurudumu una vigingi. Kila kigingi kibonyezapo wenzo, mkono wa sanamu hupiga ngoma. Profesa Noel Sharkey wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, alitoa hoja mwaka 2007 kwamba ukivihamisha vigingi, mdundo nao hubadilika. Na huko ndiko kuipangia mashine kazi.

Lakini sanamu hizi hazioni. Mfalme akiondoa mikono, maji yaendelea kumwagika vile vile. Mfano wake ni mwana wa chuoni aliyehifadhi juzuu nzima asijue maana ya aya moja. Mkatize katikati, hana budi aanze mwanzo. (Wengi wetu tulianza hivyo.)

Waitafutayo wasomi wa leo ni nyingine. Baina ya 1966 na 1972, watafiti wa Stanford Research Institute, California, waliunda roboti ya magurudumu, wakaiita Shakey kwa vile ilivyotetemeka. Ilikuwa na kamera ya televisheni. Iliamrishwa kuangusha boksi lililo juu ya jukwaa, nayo haiwezi kupanda. Ikatazama chumbani, ikaona ubao wa mteremko, ikausukuma hadi jukwaani, ikapanda, ikaliangusha boksi. Hakuna aliyeitajia ule ubao. Hesabu ya kutafuta njia iliyobuniwa kwa kazi hiyo mwaka 1968 yatumika hadi leo.

Kwa hivyo tusimvike al-Jazari kilemba cha ukoka. Chake cha haki chamtosha. Yeye aliwalaumu waliomtangulia kwa kuandika wasiyoyajaribu, naye akayajaribu yake kwa mikono yake, na ndivyo wafanyavyo watafiti wa leo.

Shakey nayo ilikuwa nzito mno, kila hatua ikakaa kufikiri. Lau Mfalme Salih angaliingoja imletee maji ya udhu, adhuhuri ingalimpita.