Njia ya shamba nayo ni barabara: mambo ya kujua mbele ya kumpatia mtu moto yako



Wengi wetu tukimaliza masomo na kazi haionekani, tunaunganisha pesa tunanunua moto. Wengine tunaipanda wenyewe kwenda kufuata wakulima, wengine tunampatia kijana awe analeta versement. Hapa Butembo na Beni, moto njo gari ya mkulima. Inashusha maharagwe na viazi kutoka Lubero, inatoa kakao Mangina na Mutwanga, inafika pahali kamiyo haifiki.

Lakini kuna wazo linazunguka kati yetu: ati sheria ni ya mjini tu, pale polisi wa rulaji wanasimama. Ukiisha toka kwenye lami, hakuna wa kukuuliza kitu. Wazo hilo linaweza kukuuzisha kiwanja.

Sheria yetu ya barabara ni ile namba 78-022 ya tarehe 30/8/1978. Inaongoza njia zote zilizo wazi kwa watu, si za lami peke yake. Ile njia ya udongo inayoingia kijijini, yenye wanafunzi, mama wenye mizigo na mbuzi, nayo ni barabara ya umma. Permi, plaki, taa, frein na kushika mkono wa kuume vinakufuata mpaka huko. (Ukivuka Kasindi kuingia Uganda, hapo unahamia kushoto.)

Tutazame na kwa wengine. Kule Quebec, Kanada, watu wako na moto za kuteleza juu ya theluji, na zingine za magurudumu 4 za kupita porini. Kwa kawaida haziruhusiwi barabarani, ila pahali palipowekewa ruhusa. Hata hivyo, ndani ya msitu wenyewe, dereva lazima awe ametimiza miaka 16, avae kaske, na awe na asiransi ya kulipa wengine isiyopungua dola 1,000,000 za kwao. Kama mashine inayopita kwenye theluji inaombwa asiransi, basi ile yetu inayopita katikati ya soko je?

Kwetu pia asiransi ni lazima, tangu Ordonnance-loi namba 73-013 ya tarehe 5/1/1973. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17/3/2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine. Wengi wanasema asiransi ni kodi ingine tu ya bariera. Hapana. Code civil, kitabu cha III, article 258, inasema anayeleta hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Article 260 inaongeza: unajibu pia juu ya kitu unachokichunga, na mkubwa wa kazi anajibu juu ya mtumishi wake.

Njo hapa tusikilize vizuri. Kijana wako akigonga mtoto kule Musienene, familia haitamfuata yeye tu, kwa sababu hana kitu. Watauliza: moto ni ya nani? Kama haina asiransi, hospitali na mengine yote yanaweza kuangukia nyumba yako. Na kijana mwenyewe anaweza kushitakiwa kwa article 52 ya Code pénal, kwa kukosa uangalifu, hata kama hakukusudia. Kusikilizana na familia ni vizuri, lakini hakufuti kesi hiyo.

Basi, mbele ya kumpatia mtu funguo:

1. Hakikisha karatasi za moto ziko kwa jina lako. Kama uliinunua kwa mtu, badilisha jina mapema.
2. Omba kuona permi yake ya moto. "Ninajua kuendesha" si permi.
3. Soma asiransi: inaisha lini, na imeandikwa kwa kazi gani? Ukiandikisha moto ya nyumbani kisha ikafanya taksi, kampuni inaweza kukatala kulipa.
4. Nunua kaske mbili, ya dereva na ya mteja.
5. Mwambie: akigonga mtu asikimbie. Asaidie aliyeumia, na polisi waitwe waandike PV. Bila PV, kudai asiransi ni taabu.
6. Mfuatilie saa. Tangu tarehe 6/5/2021 tuko katika état de siège, na amri za mji juu ya saa za moto kutembea zinaweza kubadilika. Versement isimusukume kijana kutembea usiku.

Ni kweli bariera zinachosha, na karatasi nyingi tunalipa bila kuona faida. Lakini asiransi ni tofauti na tikiti ya bariera. Ile tikiti inakupitisha leo tu. Asiransi njo itamlipa mtoto wa mtu siku moto yako itamvunja mguu, na wewe ubaki na shamba lako.