Kwa nini mifuko ileile ya mbolea haileti tena magunia yaleyale

Swali linalonijia sana kutoka kwa vijana wanaolima mahindi huku Nyanda za Juu Kusini ni hili: "Bwana shamba, naweka DAP na Urea kama kawaida, mbona mavuno yanashuka?" Lawama ya kwanza hupewa mbegu, ya pili muuza pembejeo. Mara nyingi tatizo ni udongo.

Tuanze na hesabu. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na naitrojeni kilo 15 hivi, fosforasi kilo 3 na potasi kilo 4. Ukivuna gunia 20 za kilo 100 kwa ekari, maana yake umeuza na naitrojeni kilo 30. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, tena si yote inayofika kwenye mmea. Ukiimwaga juu bila kufukia, nyingine inapotelea hewani. Mvua kubwa ikipiga, nyingine inazama chini mizizi isikofika. Kwa hiyo anayeweka mfuko mmoja kwa ekari anakula mtaji wa shamba kila mwaka.

Halafu mabua. Potasi nyingi ya mhindi iko kwenye mabua, sio kwenye punje. Ukiyachoma, naitrojeni na salfa zinaondoka na moshi, na majivu yanasombwa na mvua za kwanza. Kuwapa ng'ombe mimi sina ubaya nako, ila samadi irudi shambani. Bila mabua wala samadi mboji inaisha, udongo haushiki maji, na wiki moja tu ya jua mahindi yamejikunja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalokula hela zenu: tindikali. Urea, DAP na hasa SA zina naitrojeni ya aina ambayo vijidudu vya udongo huigeuza ili mmea uitumie vizuri. Katika kugeuza huko, tindikali inazalishwa. Wakati huohuo mvua zetu nyingi zinaosha kalisi na magnesi. Ukirudia miaka kumi, kumi na tano, pH inashuka. Ikifika chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia inaanza kuyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Ng'oa mhindi uangalie: mizizi mifupi, minene, haina vinyweleo. Mzizi wa namna hiyo utakunywaje? Kibaya zaidi, alumini na chuma vinaikamata fosforasi. Unanunua DAP kwa bei yote ile, inafungiwa udongoni, mmea unaiona kwa mbali tu.

Dalili zipo. Majani ya chini yakiwa na njano yenye umbo la V kuanzia nchani, ni naitrojeni. Kingo zikiungua, ni potasi. Mche ukiwa wa zambarau ni fosforasi, ingawa huku kwetu baridi nayo huleta zambarau hiyohiyo, kwa hiyo usikimbilie dukani.

Pima kwanza. Tembea shambani kwa zigizaga, chukua udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa kama nusu kilo. Usichote palipolala samadi wala kwenye kichuguu. Peleka TARI Uyole au maabara nyingine ya udongo iliyo karibu nawe.

pH ikiwa chini, dawa ni chokaa ya kilimo, kwa kiasi kitakachosemwa na majibu ya kipimo. Imwage wiki kadhaa kabla ya kupanda na uichanganye na udongo, maana ikibaki juu haifanyi kazi. Usiiweke siku moja na Urea au samadi mbichi, naitrojeni itaruka. Kwa kukuzia, fikiria CAN badala ya SA. Na mwenye shamba zaidi ya ekari moja, pima kipande cha bondeni peke yake na cha mlimani peke yake, usichanganye sampuli.