Nani Atamsomea Askari Khitma?

Tarehe 27 Januari 2001, wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF waliandamana kisiwani Pemba, huko Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, wakidai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Polisi wakafyatua risasi za moto. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilikuja kuhesabu watu 31 waliouawa. Human Rights Watch ilisema hawakupungua 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari wakaenda kujihifadhi Shimoni, Kenya. Katika waliokufa siku ile Pemba alikuwamo askari polisi.

Naanza na askari huyo kwa makusudi. Likitajwa wazo la kuwaenzi polisi na zimamoto waliofia kazini, Mpemba wa umri wangu atauliza kwanza habari za raia waliokufa kwa risasi za askari. Ana haki ya kuuliza. Aliyebeba bunduki na aliyebeba bango siwapimi kwa mizani moja. Lakini askari naye alizaliwa, na kuna mama aliyeletewa habari yake. Mpango wowote wa kumbukumbu utakaoingia kisiwani humu na jina lake tu, au ukamfuta yeye, utakataliwa na nusu ya waombolezaji kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Muafaka wa kumaliza mgogoro huo, uliotiwa saini na CCM na CUF tarehe 10 Oktoba 2001 ulikuwa mpango wenye ratiba. Tume ya Mbita iliundwa Januari 2002, na uchaguzi mdogo wa Pemba ukafanyika Mei 2003. Mambo yaliyoingia kwenye ratiba yalipata wa kuyasukuma. Kuwaweka pamoja wafiwa wa pande mbili si kazi ya karani yeyote, wala haina fungu kwenye bajeti.

Kisha lipo tatizo la kiofisi ambalo watu wa Bara hawalioni upesi. Polisi ni suala la Muungano. Askari akifa Chake Chake, jalada lake linakwenda Wizara ya Mambo ya Ndani, Dodoma. Zimamoto wa Chake Chake ni mtu wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, idara maalum ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wanaweza kufika pamoja kwenye nyumba ya makuti inayowaka, au kwenye kisima alichotumbukia mtoto, lakini mafao ya warithi wao hayapiti mlango mmoja. Anayetaka kuwaenzi kwa pamoja lazima azungumze na serikali mbili, na hapo ndipo miradi mingi ya visiwani hulala.

Hata mnara wenyewe nina wasiwasi nao. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam iliwekwa 1927, mahali iliposimama ya von Wissmann iliyoangushwa 1916. Inawakumbuka askari wa vita vya wakoloni, na maelfu wanaipita kila siku bila kujua jina hata moja la aliyekufa. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, huwekwa mkuki na ngao, upinde na mishale, shada la maua. Ni heshima kubwa ya taifa, na sina nia ya kuidharau. Kwetu Pemba makaburi mengi hayana hata maandishi. Maiti anakumbukwa kwa khitma: juzuu 30 zinagawiwa, kila mmoja anasoma yake, na kabla ya dua majina ya marehemu yanatajwa moja moja kwa sauti.

Hilo ndilo ningeliomba lianze, kabla ya saruji yoyote: orodha. Vituo vya polisi na vya zimamoto vya Wete, Chake Chake na Mkoani viandike majina ya waliokufa kazini, na masheha waandike ya raia wa 2001. Askari Mkristo aliyeletwa kutoka Bara, akasafirishwa kurudi kwao ndani ya jeneza, aombewe na padri wake, jina lake likiwa kwenye daftari lile lile. Baada ya sala ya Ijumaa, pale Micheweni, yasomwe yote, na mjane wa kila upande awepo barazani ayasikie.