Chumvi ya Gizani Mlimani Elgon

Mgeni anayetoka Kitale na kuingia Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon kwa lango la Chorlim hutembea shingo juu. Podo zimesimama wima kama nguzo, tawi la kwanza likiwa mbali kabisa na mkono wa mtu. Mitarakwa ipo pia, na ule mti unaoitwa tiki ya Elgon, ingawa kwa ukoo ni ndugu wa mzeituni: ganda lake la kijivu limechanika mifereji ya wima kutoka chini hadi juu.

Msitu huo ndio unaoeleza mapango. Miti mikubwa namna hii hutaka mvua nyingi, na mvua hiyohiyo, miaka nenda miaka rudi, huosha chumvi kutoka udongoni. Majani ni tele lakini chumvi yake ni haba. Ndovu wa Elgon wakaifuata ilikobaki, yaani ndani ya mwamba.

Pango la Kitum huingia mlimani kiasi cha mita 200. Elgon ni volkano iliyozimika zamani, na kuta za pango ni majivu na mawe yaliyogandamana, yenye chumvi ndani yake. Usiku ndovu huingia wakifuatana, wakipapasa njia kwa mikonga kwa kuwa huko ndani giza ni totoro. Huchokoa ukuta kwa pembe, huokota vipande, huvisaga kwa magego, humeza. Tochi ikimulika ukuta kwa ubavu, alama za pembe huonekana moja juu ya nyingine, kama za patasi kwenye ubao.

Mvumbuzi Joseph Thomson alipofika mlimani mwaka 1883, alidhani mapango haya yalichimbwa na watu wa kale. Watu walikuwamo kweli: Wasabaoti waliishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao, na mifugo ikapata chumvi. Lakini watafiti wengi leo wanaamini kwamba ndovu, kizazi baada ya kizazi, ndio waliochangia sana kuyapanua. Inauma basi kukumbuka kwamba majangili wa miaka ya 1980 waliwaua wengi wao. Ujuzi wa kutembea gizani ndama huupata kwa kumfuata mama yake, kwa hiyo mama akiuawa, ujuzi huo nao hukatika.

Tahadhari moja haifai kupuuzwa. Wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamezuru Kitum kabla ya kuugua, na wote wawili walifariki. Virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda, ambao hulala mapangoni. Kwa hiyo mgeni apate kwanza ushauri wa askari wa wanyamapori, asiguse popo wala kinyesi chao, na pale popo walipojazana asiingie.

Hata mlangoni kuna ya kuona. Pongo hufika hapo kulamba mwamba, na vumbi la njiani huwa limehifadhi nyayo za mviringo, pana kama sinia, zikielekea ndani.