Je, Wajua? Gemu za Anga Zinavyodanganya (na Zinavyopitwa!)

Wewe uliyeng'ang'ania pedi kwenye banda la gemu pale Lizaboni, Songea, hebu simamisha kidogo. Je, wajua ule mlipuko wa chombo angani, unaotikisa spika mpaka jirani anagonga ukuta, kwa kweli hauna sauti hata chembe? Sauti inahitaji hewa, na kule hewa hakuna. Hata ile leza nyekundu, ikikupita ubavuni usingeiona! Hakuna vumbi wala moshi wa kuuonyesha mwale wake.

Mawe ya angani unayoyakwepa huku jasho linakutoka? Katika ukanda wenyewe, kati ya Mirihi na Mshtarii, jiwe hadi jiwe ni wastani wa kilomita kama 1,000,000. Ungepita umelala.

Je, wajua itakuwaje ukicheza na rafiki aliyeko Mirihi? Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini sayari zikiwa mbali kabisa huchukua dakika kama 22 kufika. Unafyatua risasi, matokeo unayaona baada ya dakika 44! Na wewe unalalamikia bando.

Kasi je? Chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kilomita 17 kila sekunde. Songea hadi Dar, dakika haiishi! Kwa mwendo huohuo, kuifikia Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, kungechukua miaka zaidi ya 70,000.

Sasa kaa vizuri, maana hapa gemu ndiyo inayopitwa. Urani, madini ya kuendeshea mitambo ya nyuklia, ipo hapahapa Ruvuma, Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Kidonge kimoja cha mafuta ya urani, kidogo kama ncha ya kidole, hutoa nishati ya takriban tani nzima ya makaa ya mawe. Yaani yale ya Ngaka, Mbinga, tani nzima! Na usidhani binadamu ndiye aliyeanza. Kule Oklo, Gabon, miamba yenye urani ilijiwasha yenyewe ikawa kinu cha nyuklia, karibu miaka bilioni 2 iliyopita, na ikaendelea kwa malaki ya miaka. Siri hiyo iligunduliwa mwaka 1972. Mtunzi wa gemu angeibuni, tungesema huyu kazidisha chumvi.

Unapenda mashimo meusi? Setilaiti iliyosaidia kulitambua lile la Cygnus X-1 ilirushwa baharini karibu na Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Jina lake? Uhuru!

Na shujaa wako akipasukiwa na kofia angani, halipuki kama puto. Mwaka 1966 Jim LeBlanc, fundi wa NASA, vazi lake lilivuja ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Alizimia baada ya sekunde kama 14. Hewa ikarudishwa haraka, akazinduka, akasimulia kitu cha mwisho alichokisikia kabla ya kupoteza fahamu: mate yakimchemka ulimini.