Programu ya rununu isimwongezee mama mzigo wa nyumba

KUPANGA nyumba hakuishii kwenye ufagio na sufuria. Kazi hiyo huanzia akilini: nani atakumbuka kwamba gesi inakaribia kwisha, tokeni za stima zimebaki chache, na sare ya mtoto imechanika ilhali shule zinafunguliwa Jumatatu?

Mwaka wa 2019, mwanasosholojia Allison Daminger wa Marekani alichapisha utafiti uliohusisha jozi 35 za wenzi. Aliigawa kazi hiyo ya akili katika hatua nne: kutambua mahitaji mapema, kutafuta njia za kuyatimiza, kuamua, na kufuatilia utekelezaji.

Ilibainika kuwa wake ndio hubeba sehemu kubwa, hasa ya kutambua na kufuatilia. Waume hujitokeza zaidi wakati wa kuamua.

Hapo ndipo wabunifu wengi wa programu za rununu huteleza. Wao hutengeneza orodha, kisha humtaka mama aijaze mwenyewe, aigawe kazi na kuwasukuma wengine. Anapochelewa, simu humkaripia kwa alama nyekundu. Mama huyo huwa ameongezewa mtoto mwingine wa kulea.

Madhara yake si madogo. Utafiti wa Darby Saxbe na Rena Repetti uliochapishwa 2010 ulionyesha kuwa wake jijini Los Angeles walioeleza nyumba zao kama zenye vurugu na kazi zisizokamilika, homoni yao ya kotisoli, inayohusiana na msongo wa mawazo, haikushuka ipasavyo kadiri siku ilivyosonga.

Hivyo basi, mbunifu anayetaka kupunguza msongo hana budi kuzingatia mambo kadhaa.

Kwanza, programu yenyewe itambue mahitaji. Iwapo mtungi wa gesi wa kilo 13 ulidumu siku 40 mara mbili mfululizo, inafaa itoe ilani ifikapo siku ya 35 bila kuulizwa.

Pili, kila kazi iwe na mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Baba akikabidhiwa gesi, ilani imfikie yeye, aagize yeye na alipe yeye. Ilani ikipitia kwa mama, mzigo ungali wake.

Tatu, orodha ya siku iwe fupi. Kazi tatu zinatosha. Ambayo haikufanywa isogezwe kesho kimyakimya, pasipo lawama.

Aidha, programu ifanye kazi hata pasipo intaneti, na ujumbe mfupi umfikie msaidizi wa nyumbani mwenye simu ya kawaida, kwa lugha anayoielewa.

Isitoshe, siri za nyumba zilindwe. Taarifa za saa ambazo hakuna mtu nyumbani ni hazina kwa wezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka data inayokusanywa iwe ile inayohitajika tu, na ya mtoto isishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi.

Mafanikio ya programu kama hiyo hayapimwi kwa idadi ya mara inazofunguliwa. Kipimo ni iwapo mama anaweza kusafiri siku mbili, na asipigiwe simu hata mara moja kuulizwa chumvi iko wapi.